Toka Bukavu mpaka Nyamukubi: siku moja kwenye barabara ya watu waliohamishwa

Mwezi wa Julai, mama mmoja wa Nyamukubi ambaye sasa anaishi kwa dada yake huku Kadutu alinikuta mlangoni pa redio. Alikuwa amesikia katika habari zetu za jioni kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imesema serikali ya Congo iliwakosea Batwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia na kuombwa msamaha. Hakuja kunisifu kwa habari. Alikuwa na swali.

"Mwana yangu, bale Batwa balibatosha mwaka gani?"

Nikamwambia: kuanzia miaka ya 1970. Akahesabu, akanyamaza, halafu akasema: "Basi shiye ba 2023 tutangoya sana."

Sikupata la kumjibu. Nikamwambia tu kwamba nikipata gari nitapita barabara hiyo yote, tangu Bukavu, nipande Tshivanga, nifike mpaka kwao. Akaniagiza jambo moja. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti wa avoka. Nyumba ilikwenda na maji, lakini mtu fulani alimwambia kwamba mti ulibaki. Niangalie kama ni kweli.

Gari nililipata Agosti, Toyota ya shemeji yangu, mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Nilikwenda peke yangu. Kwa kawaida tunasafiri watano au sita, na njia nzima ni mazungumzo, mtu anafika bila kuona alikopita. Safari hii nilitaka kuona.

Nilitoka mjini saa kumi na moja na nusu, siku ya posho. Nilipopita Bralima na kuanza kufuata ziwa, wamama wa Kabare walikuwa tayari njiani wakija mjini, migongo imeinama chini ya makala, ndizi na viazi, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nikitoka mjini na wao wote walikuwa wanaingia. Ukiipita barabara hiyo mapema ndiyo unafahamu nani anailisha Bukavu.

Wazee wetu waliuita mji huu Costermansville wakati wa Wabeleji, kwa jina la Costermans, mkubwa mmoja wa ukoloni. Jina hilo limekwisha kusahaulika, lakini kazi ya watu wa zama hizo bado inaonekana kando ya njia kuanzia Mudaka. Mwaka wa 1928 Wabeleji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi CNKi, na kuipa uwezo wa kugawa mashamba kwa wazungu waliotaka kulima hapa. Hali ya hewa ya Kivu iliwapendeza: hakuna joto kali, udongo ni mzuri, ziwa liko karibu. Wakapanda kahawa, chai na kinkina, ule mti ambao ganda lake linatoa kinini ya malaria. Hata leo unaweza kuuona kinkina katika milima ya Kabare, majani yake yanageuka mekundu.

Karatasi za CNKi zilipenda neno "ardhi tupu". Lakini kwa Bashi hakuna ardhi tupu. Kuna ardhi ya Mwami, na mtu anaipata kwa kutoa kalinzi, ng'ombe au kitu kingine, na hiyo kalinzi inamfunga yeye na watoto wake na mkubwa aliyempa. Shamba linaweza kulala miaka mitatu bila jembe, ng'ombe wanakula majani humo, na bado lina mwenyewe. Mzungu alipofika akaona majani, akaandika: tupu. Naomba msikilizaji alikumbuke neno hilo, kwa sababu litarudi mbele tukifika msituni.

Baada ya uhuru mambo hayakurudi nyuma. Julai 1973 ilitoka sheria ya ardhi iliyosema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Mwezi wa Novemba wa mwaka huohuo Mobutu akatangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakapewa wananchi wachache waliokuwa karibu na utawala. Mtoto wa mlimaji wa Kabare aliamka asubuhi akakuta bwana wa shamba amebadilika, shamba likiwa lilelile na yeye akiwa nje ya uzio uleule.

Saa moja nilikuwa Miti. Hapo njia zinagawanyika: ya kulia inakwenda Kavumu, Kalehe na Goma, ya kushoto inapanda Tshivanga na kuendelea Bunyakiri, Hombo na Walikale. Nikakata kushoto. Mara moja baridi iliingia kwenye dirisha. Unapita mashamba ya chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, kisha unaona msitu unaanza ghafla, kama ukuta. Hakuna mahali pa katikati. Huku jembe, kule giza la miti.

Huo ndio mpaka wa Parki ya Kahuzi-Biega. Jina ni la milima miwili, Kahuzi yenye mita 3.308 na Biega yenye mita 2.790. Asubuhi ile Kahuzi ilikuwa imevaa wingu mpaka mabegani.

Historia ya parki ninaieleza taratibu kidogo, kwa kuwa watu wengi wanaoishi pembeni yake hawajawahi kuisikia ikisimuliwa kwa mpangilio. Mwaka wa 1937 Wabeleji walitenga msitu wa mlima Kahuzi kuwa akiba ya wanyama. Batwa waliendelea kukaa ndani yake, wakiwinda, wakichota asali, wakizika watu wao. Baada ya uhuru, Mbeleji mmoja aliyekuwa mlimaji huku Kivu, Adrien Deschryver, alianza kuwafuata ngagi mpaka wakamzoea. Ngagi ninaosema hapa ndio wale wakubwa ambao vitabu vinawaita gorila, wa aina ya Grauer, ambayo haipatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa mashariki ya Congo yetu. Filamu zilimwonyesha Deschryver amesimama mbele ya dume kubwa lenye mgongo mweupe, na dunia nzima ikalifahamu jina la Kahuzi. Kilichosemwa kidogo ni nani alimpeleka mpaka pale. Walikuwa Batwa. Ni wao waliojua kusoma jani lililovunjwa, kinyesi cha jana na cha leo, mahali ngagi alipolala. Bila macho yao Deschryver angetembea katika mianzi mpaka kuchoka.

Tarehe 30 Novemba 1970 msitu huo ukafanywa parki ya taifa, hektari 60.000. Tarehe 22 Julai 1975 ikaongezwa mara kumi, ikawa hektari 600.000, ikishuka mpaka misitu ya chini upande wa Shabunda na Walikale, na ushoroba mwembamba wa kuunganisha sehemu ya juu na ya chini. Mwaka wa 1980 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Batwa walitolewa, na katika ile nyongeza ya 1975 kulikuwa pia vijiji vya watu wengine wenye mashamba na makaburi. Wengi hawakuulizwa, na hawakupewa ardhi nyingine. Kwa mara ya pili, aliyeshika kalamu aliona mahali pa watu na kuandika "tupu".

Kwenye kituo cha Tshivanga nilisimama. Nilieleza kwamba mimi ni mpashaji habari na kwamba sikuja kulipia matembezi ya ngagi, maana mfuko wangu hauruhusu. Walinipokea vizuri, wakaniachia niangalie mafuvu. Nilikuwa nimeyasikia, lakini kuyaona ni kitu kingine. Mafuvu ya tembo na ya ngagi, mazito, ya rangi ya chai na maziwa. Mlinzi kijana aliyekuwa nami hajawahi kumwona tembo hai katika milima hii. Babu yangu aliwaona. Sehemu ya juu ya Kahuzi ilikuwa na mamia ya tembo kabla ya vita. Zilipofika siku za mwisho za miaka ya 1990 walikuwa wamekwisha. Silaha zilikuwa nyingi, nyama ilikuwa ya bure, na pembe zilikuwa na mnunuzi.

Ngagi waliponea chupuchupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walihesabiwa karibu 250 katika sehemu ya juu. Mwaka wa 2000 walibaki kama 130. Maheshe, dume ambalo wageni wengi walikuja kuliona, liliuawa mwaka wa 1993, kabla hata ya vita kuanza. Ninja aliuawa mwaka wa 1997. Wenye umri wangu watakumbuka noti ya zaire 50.000 iliyokuwa na picha ya ngagi. Watu wa Miti watakuapia kwamba aliyeko pale ni Maheshe. Huko sehemu ya chini, mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipopanda, maelfu ya wachimbaji waliingia msituni, na mchimbaji lazima ale. Baadaye hesabu ya juu ilianza kupanda tena pole pole, na mwaka wa 2015 ilipita 200. Walinzi waliokuwa wakilipwa kidogo, na wakati mwingine hawakulipwa kabisa, walifanya kazi hiyo, na baadhi yao walikufa humo. Nalisema hili wazi, kwa kuwa nikiwatetea Batwa watu hudhani ninawachukia walinzi.

Kuna ngagi mmoja ambaye jina lake linanifurahisha: Bonane. Alizaliwa tarehe 1 Januari 2003, siku ambayo sisi sote tunasalimiana kwa neno hilo. Sikumwona. Nilichokiona, nilipoendesha kilomita chache zaidi ndani ya msitu, ni kima waliovuka barabara mbele ya gari, mmoja mmoja, mkia juu, wa mwisho akisimama kuniangalia kama mtu wa barieri anayetaka karatasi. Nikazima moto. Kulikuwa na sauti ya maji mahali fulani na ndege mkubwa akapita juu ya mianzi, mabawa mekundu kwa chini. Nilikaa dakika kumi hivi. Nakiri kwamba katika dakika hizo nilifahamu kwa nini mtu anaweza kutaka mahali hapa paachwe bila mtu yeyote. Halafu nikageuza gari, nikashuka.

Upande wa Miti, kwenye ukingo wa parki, kuna kambi za Batwa ambazo si kambi kwa jina, lakini ukiingia utaona ni kambi. Vibanda vya majani, ardhi ambayo si yao, kazi ya kibarua kwenye shamba la jirani. Nilikaa na muzee mmoja juu ya gogo. Aliniambia kwamba alitolewa akiwa mtoto, hajaota meno yote. Nilimuuliza juu ya uamuzi wa Tume. Alikuwa ameusikia. Aliniuliza Banjul ni wapi. Nikamwambia ni Gambia, mbali, upande wa bahari ya Magharibi. "Bako banajua pori yetu?" Nikasema walisoma maandishi; kesi ilipelekwa mwaka wa 2015 na mashirika mawili ya haki za binadamu, moja la hapa kwetu Bukavu. Akacheka kidogo. Miaka tisa ya karatasi, juu ya miaka zaidi ya arobaini ya kungoja.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo watetezi wengi wanairuka. Oktoba 2018 familia za Batwa zilichoka kungoja, zikarudi ndani ya parki kwa nguvu. Kukawa mapambano, watu wakafa pande zote mbili, na hekta nyingi za msitu zikakatwa na kuchomwa makala. Makala hayo hayakumtajirisha Mutwa. Yalishuka kwa malori mpaka mjini, na sisi wa Bukavu tukapikia maharagi. Ninapoandika haya kuna mfuko wa makala nyuma ya mlango wangu, na sijui ulitoka mlima gani.

Nilirudi kwenye njia kubwa. Kutoka Miti kwenda Kavumu unapita Kashusha na Inera. Kijana wa miaka ishirini atakuambia hapo ni mashamba na kituo cha utafiti wa kilimo. Lakini kutoka mwaka wa 1994 mpaka mwisho wa 1996, mahali hapo palikuwa na miji ya mahema ya plastiki, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Milima ya karibu ilinyolewa miti kwa kuni, na parki ililiwa ukingo. Vita vilipofika vikazisambaza kambi hizo, waliobaki hai wakakimbilia magharibi kupitia msitu uleule, njia ileile niliyotoka kuipanda, kuelekea Bunyakiri na Walikale. Wengi hawakutoka. Sikuona kibao chochote barabarani. Mama mmoja alikuwa analima viazi vitamu pale, na watoto wawili wanacheza mpira wa majani ya ndizi.

Uwanja wa ndege wa Kavumu nilipita bila kusimama. Huko hakupigwi picha, na mimi nina simu moja tu.

Saa tano nilikuwa Lwiro. Ukikata kushoto kutoka njia kuu unapanda kwenye udongo mwekundu kwa muda, halafu mbele yako kunatokea majengo makubwa ya mawe na matofali, nguzo, ua wenye nyasi, kama chuo cha Ulaya kilichopotea njia. Wabeleji walianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, mwaka wa 1947, na Lwiro ikawa makao yake makubwa. Hapo walisoma kila kitu: matetemeko, samaki, wadudu, nyoka, lugha, ugonjwa wa watoto. Maktaba bado iko. Wadudu wamechomekwa pini kwenye masanduku, na karatasi ndogo zimeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekufa zamani.

Watu wa Kalehe na Kabare wanaikumbuka Lwiro kwa sababu nyingine: watoto. Udongo wetu unasifiwa kuwa mzuri, lakini watoto wa Bushi walikuwa wakivimba miguu na nywele zao kugeuka nyekundu, ugonjwa wa kwashiorkor. Waganga wa Lwiro waliufuata kwa miaka mingi, na hospitali ya pale ikawa kimbilio la wamama. Watafiti haohao walikwenda Idjwi kwa ajili ya tezi la shingo, na kazi yao ilisaidia dunia kufahamu kwamba mihogo isiyotayarishwa vizuri, mahali ambapo iodini ni kidogo, inazidisha tezi. Leo ukinunua chumvi yenye iodini sokoni Mudaka, kuna sehemu ndogo ya shingo za watu wa Idjwi ndani ya hesabu hiyo. Vipimo vya matetemeko vilikuwa hapo pia siku ya tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, Bukavu ilipotikisika na kanisa nyingi zikapasuka.

Kabla ya kuwaona sokwe, unawasikia. Mmoja anaanza chini chini, wengine wanaitikia, mpaka sauti inakuwa kama uwanja wa mpira timu ikifunga bao. Kituo cha kuwatunza kilianzishwa mwaka wa 2002, kwa mkono wa wakubwa wa parki na wa kituo cha utafiti, kwa sababu yatima wa sokwe walikuwa wanaokotwa sokoni na majumbani mwa maofisa. Mwindaji anaua mama kwa nyama na kuuza mtoto kama mchezo wa watoto wa tajiri. Sasa wako zaidi ya mia moja, pamoja na kima wa aina nyingi. Wanaowalea wale wadogo ni wamama. Nilimwona mmoja amembeba sokwe mtoto mgongoni, ananyosha mkono mwingine kuangalia kama maziwa yamepoa. Akaniambia: huyu usiku anaamka analia, kama hajashika nguo ya mtu halali.

Sipendi kulinganisha watu na wanyama, hasa mbele ya wasikilizaji wetu waliohama, ambao mara nyingi wanalalamika kwamba wanyama wa parki wanapata wafadhili na wao hawapati hema. Lalamiko hilo lina haki yake. Nilimuuliza yule mama. Hakukasirika. Alisema mshahara wake unalipia shule ya watoto wanne, na wawili kati yao ni wa marehemu ndugu yake. Nikafunga daftari.

Kutoka hapo njia inateremka. Katana ina hospitali ambayo watu wengi bado wanaiita Fomulac, jina lililobaki tangu siku za Chuo Kikuu cha Louvain. Halafu ziwa linarudi upande wa kulia, na visiwa, na Idjwi mbele kama mlima ulioogelea. Kwenye barieri moja, sitaitaja, niliombwa pesa ya "udongo" ambayo haina karatasi. Nilibishana robo saa, nikalipa. Kabamba nikala bugali na sambaza za kukaanga kwa mama mmoja kando ya soko. Sambaza nazo si wenyeji: Wabeleji waliwatoa Tanganyika wakawatia katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa na samaki wachache. Wakazaana. Leo hakuna mtu anayewauliza kitambulisho.

Baada ya Kalehe-centre barabara inabanwa kati ya mlima na maji. Nilifika Bushushu kama saa nane na nusu. Mtu aliyepita hapa kabla ya 2023 hawezi kuielewa sura ya mahali. Mawe makubwa kama nyumba yamelala mahali palipokuwa na nyumba. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, Nyamukubi kulikuwa soko. Watu walishuka kutoka milimani na wengine walikuja kwa pirogi. Mvua ikanyesha, mito ikajaa matope na mawe, ikashuka kwa pamoja. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na watu wengi zaidi hawakupatikana mpaka leo. Ziwa liliwachukua, au matope. Walizikwa kwa wingi, katika makaburi ya pamoja. Tarehe 8 Mei nchi nzima ikafanya maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti.

Watu wa mjini walisema: kwa nini walijenga pale? Swali hilo linaniudhi, kwa sababu jibu liko kwenye barabara niliyotoka kuipita. Juu, ardhi nzuri iligawiwa mashamba makubwa tangu CNKi. Juu zaidi ni parki. Kwenye hauts plateaux ni bunduki. Miti ya mlima ilikatwa kwa makala na mbao, na kila familia iliyokimbia ilishuka hatua moja chini, mpaka ikabaki ukanda mwembamba kando ya ziwa, penye soko, penye njia ya Goma, penye samaki. Walijenga mahali palipobaki. Na wakati nilipokuwa pale niliona mahema mengine, ya watu wa Masisi waliokimbia vita vya M23, wamejipanga si mbali na mawe yale.

Nyamukubi nilifika saa tisa. Baadhi wamejenga tena, mbao na mabati, wakiuza vitunguu, mafuta, kadi za simu. Nilifuata maelezo ya yule mama: panda kutoka sokoni, pita mahali kanisa lilipokuwa, hesabu mpaka kisima. Hakukuwa na kanisa wala kisima. Kulikuwa na mawe na nyasi mpya, kijani sana. Kijana mmoja wa miaka kumi na minne hivi alinifuata. Nilimwambia ninatafuta mti wa avoka. Hakuona ajabu. Alisema watu wengi wanakuja kutafuta vitu. Akanipeleka kwenye mti mmoja uliosimama kati ya mawe, halafu wa pili, umekatika juu na unachipua pembeni, halafu wa tatu, mkubwa, wenye matunda. Nilipiga picha miti yote mitatu. Kijana akachuma avoka mbili kutoka mti wa tatu, akanipa moja.

Niliondoka saa kumi na nusu na kuingia Bukavu saa mbili usiku, jambo ambalo simshauri mtu yeyote kulifanya kwenye barabara ile.

Juma tatu nilikwenda Kadutu na simu. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa dada yake, akaangalia picha ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa kichwa. Ya tatu aliishika muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaigeuza.

"Huu hauko wangu," akasema. "Huu ni wa jirani, Mungu amulalishe. Basi wangu ulikuwa huku kushoto, pale wewe ulisimamaka unapiga foto."